Je, magari ya boksini yanaweza kuufufua uwanja wetu wa duaradufu?

"Mimi ni Mkongo, naishi Des Moines, Iowa, pamoja na familia yangu. Miaka minne iliyopita mfanyakazi mwenzangu alitupeleka, mimi na mwanangu, kwenye uwanja wa udongo wa magari ya rimoti, yale yanayozunguka duaradufu kwa kukata kushoto tu. Tukaupenda mchezo. Wakati ule Jumamosi ilikuwa inaleta watu 35 hadi 40. Sasa tukifika 13 tunashukuru, na madaraja, yaani makundi ya magari yanayoshindana pamoja, bado ni sita. Mwenye duka la hobi ametushauri tufungue daraja la magari yanayouzwa yakiwa tayari: unalitoa boksini, unachaji betri, unakimbiza. Wakongwe wawili wamesema likifunguliwa wao wanaondoka, kwa sababu hayo ni vitu vya kuchezea watoto na mtu asiyejenga gari lake hawezi kulijua. Mimi nimechaguliwa kwenye kamati na kura ni mwezi ujao. Je, magari haya yanaweza kweli kuukuza mchezo, au tutawapoteza hata hao 13? Na mwanangu, ana miaka 13, alipewa zawadi ya Traxxas Slash. Linapinduka kila kona. Tatizo ni gari au ni yeye?"

Ndugu yangu, umeuliza maswali mawili, lakini nasikia na la tatu ambalo hukuliandika: unaogopa usije ukawa wewe, mgeni wa juzi kwenye kamati, uliyewafukuza wazee wa uwanja. Hofu hiyo naielewa. Nimekimbiza magari haya tangu 1996, kwenye zulia na kwenye udongo, na kamati nimekaa zaidi ya nilivyotaka. Kwa hiyo nitakujibu kama mtu atakayesimama mbele ya watu mwezi ujao.

Jibu la haraka: ndiyo, magari ya boksini yanaweza kuwaleta watu mlangoni. Kuwabakiza hayawezi, si peke yake. Kinachombakiza mtu ni kanuni mtakazoziandika kabla boksi la kwanza halijafunguliwa, na namna atakavyopokewa Jumamosi yake ya kwanza. Kuhusu mwanao, tatizo kubwa ni gari. Mwambie leo hii, maana mtoto wa miaka 13 anaweza kubeba lawama hiyo moyoni kwa muda mrefu.

Kwanza tuelewane juu ya gari lenyewe. Gari la boksini huja na mota, kidhibiti mwendo, servo (kimota kinachogeuza usukani) na rimoti, vyote vimeshafungwa, na bodi imeshapakwa rangi. Mengine huja na betri na chaja, mengine hayaji nazo, na hapo ndipo wazazi wengi hushtukia. Hilo halilifanyi kuwa sawa na lile gari la plastiki linaloning'inizwa dukani karibu na kaunta. Tofauti ni spea. Kwenye gari la hobi kila kipande kina namba yake kwenye kitabu. Mkono wa mbele ukivunjika unanunua mkono wa mbele, huhitaji gari jipya. Mota ikiungua unatoa skrubu mbili tatu unaweka nyingine. Gari linalotengenezeka ni gari la mashindano, hata kama aliyelifunga mara ya kwanza alikuwa mfanyakazi wa kiwandani.

Kosa la upande wa pili ni kudhani kwamba bei iliyo kwenye boksi ndiyo bei ya kuingia mchezoni. Gari la namna hii kwa kawaida huuzwa kati ya dola 200 na 400. Ongeza betri ya pili, chaja ya maana, matairi ya udongo wa uwanja wenu, na transponda ya kuhesabia mizunguko, ambayo peke yake ni karibu dola 100. Bado ni nafuu. Gari la kuunganisha mwenyewe, ukishanunua chasisi, mota, kidhibiti mwendo, servo, rimoti, betri na bodi, linapita dola 1,000 bila shida yoyote. Ila mzazi mwenye bajeti ya dola 300 akija kugundua mbele ya mwanawe kwamba anahitaji 500, harudi. Iandikeni hesabu yote kwenye karatasi moja, ibandikwe dukani, na transponda ziwe za klabu, za kuazima.

Sasa hao wakongwe. Wasikilize vizuri, kwa sababu nusu ya wanayosema ni kweli. Mtu aliyefunga gari lake kwa mkono wake, akajaza mafuta kwenye shokapu, akaipanga difu (gia inayogawa nguvu kwa magurudumu) golori kwa golori, analisikia likiugua kabla halijafa. Mwenye gari la boksini hana masikio hayo. Lakini wamekosea mpangilio. Wewe na mimi tumekulia mahali ambapo watoto walijenga magari ya waya, magurudumu yakiwa soli za ndala. Kumbuka ilivyokuwa. Hakuna aliyeanza kwa kukunja waya. Ulianza kwa kumkimbilia kaka mkubwa nyuma, ukamwomba akuachie ulisukume hadi kwenye mwembe na kurudi. Ukishalisukuma mara kumi ndipo ulipolala usiku ukiwaza utapata wapi waya wako. Hamu ya kujenga ilikuja baada ya raha ya kuendesha. Uwanja wenu unamtaka mtu ajenge kabla hajaonja.

Naomba nikae kidogo kwenye kinachowatoa watu, maana wengi husema ni simu, ni michezo ya video, ni watoto wa siku hizi. Mimi nasema chukua saa uhesabu. Tuseme kwenye uwanja wenu dereva mzuri anazunguka kwa sekunde 5 na mgeni kwa sekunde 7. Tofauti ya sekunde mbili inaonekana ndogo. Katika mbio za dakika 4, mzuri atazunguka mara 48 na mgeni mara 34. Maana yake dereva mzuri mmoja anampita mgeni kila baada ya sekunde 17 na nusu. Wakiwa saba wazuri uwanjani, mgeni anapitwa na gari moja kila sekunde mbili na nusu, dakika nne mfululizo, huku sauti zikimwambia "shika nje, shika nje!" Akigongwa anapinduka. Akipinduka anasubiri mtu wa kumrudishia. Mbio zikiisha hajui kwamba desturi ni yeye kwenda kusimama konani kurudisha magari ya kundi linalofuata, kwa hiyo anafokewa. Niambie, ungerudi Jumamosi ijayo?

Gari la boksini linatibu sehemu ya ugonjwa huo, na ni sehemu moja tu. Linawaweka wageni pamoja na wageni, magari yakiwa na nguvu moja. Saba wote wakizunguka kwa sekunde kati ya 6 na nusu na 7 na nusu, kunakuwa na mashindano ya kweli, hata kwa nafasi ya tano. Hiyo ndiyo faida yake kubwa, na ni kubwa kuliko unafuu wa bei. Lakini usawa huo ni kitu kinachooza haraka usipowekewa ulinzi.

Tarehe 19 Juni 1949, huko Charlotte, North Carolina, NASCAR, chama cha mbio za magari makubwa, kilifanya mbio za kwanza za daraja kililoliita Strictly Stock, yaani gari liwe kama lilivyotoka dukani. Aliyemaliza wa kwanza, Glenn Dunaway, alinyang'anywa ushindi. Wakaguzi walikuta springi za nyuma za Ford yake zimefanyiwa kazi, kwa namna waliyoitumia wasafirisha gongo ili gari lisikae chini likibeba mzigo. Ushindi akapewa Jim Roper aliyekuwa wa pili. Mwenye gari akaenda mahakamani, akashindwa. Angalia basi: ni mbio za kwanza kabisa, na tayari neno "kama lilivyotoka dukani" limejaribiwa. Na angalia pia kwamba kulikuwa na mtu wa kuinama na kutazama chini ya gari, na kulikuwa na ujasiri wa kumnyima mshindi. Daraja lenu la boksini likikosa mtu huyo, ndani ya msimu mmoja litakuwa daraja lingine la ghali.

Kwenye rimoti tumeshayaona haya. Traxxas walipoitoa Slash mwaka 2008, gari la boksini lenye mota ya brashi (aina ya kizamani na nafuu) na bodi kubwa ya pikapu, viwanja vingi vya Marekani vilijaa watu ambao hawajawahi kushika rimoti. Mwaka uliofuata kampuni ya Team Associated wakaleta pikapu yao, SC10, na kampuni nyingine zikafuata. Kila gari lililokuja lilikuwa bora kuliko lililotangulia, na hapo ndipo shida ilipoanzia. Mota za brashi zikatupwa, zikaja zisizo na brashi. Zikaja pikapu za kusukuma magurudumu manne. Aliyenunua Slash ili acheze na jirani yake akajikuta anapitwa na gari la bei mara tatu. Mahali pengi daraja lile lilinyauka. Wakongwe wenu wakikwambia "tulishajaribu, likafa", wanasema ukweli. Wakumbushe tu lilikufa kwa nini. Lilianza kufa siku watu waliporuhusiwa kubadilisha.

Na dawa mnayo hapo hapo Iowa. Chama cha IMCA, kilichoanzishwa 1915 na chenye makao yake Vinton, kilileta daraja lake la Modified mwaka 1979 kwa ajili ya watu wa kawaida wenye karakana nyuma ya nyumba. Moja ya kanuni zilizolijenga daraja lile ilikuwa haki ya kudai injini: baada ya mbio, mshindani anaweza kuidai injini ya mwenzake kwa bei iliyopangwa. Huhitaji polisi. Nani ataweka maelfu ya dola kwenye injini ambayo inaweza kuchukuliwa usiku uleule kwa bei ndogo? Mimi naipenda sana kanuni hii, na kwenye magari ya rimoti inafanya kazi vizuri kuliko kwenye makubwa, kwa sababu mota inatoka kwa dakika tano.

Kabla ya kuchagua gari, nikueleze kwa nini Slash la mwanao linapinduka, maana hapo ndipo palipo na udhaifu wa magari mengi ya boksini kwenye duaradufu.

Slash lilitengenezwa liruke matuta. Kwa hiyo limekaa juu, springi zake ni laini, na shokapu zina safari ndefu. Likiingia kona ya kushoto kwa kasi, uzito wote unahamia magurudumu ya kulia. Springi laini zinakubali, bodi inalala, magurudumu ya kushoto yanakuwa mepesi, halafu tairi la mbele kulia linang'ata udongo na gari linalipita kwa juu. Gari lililojengwa kwa duaradufu limepangwa kinyume cha hayo yote. Limekaa chini. Uzito wake, betri ikiwemo, umesogezwa kushoto. Watu hudhani hiyo ni kwa ajili ya kuzuia kupinduka tu, lakini kuna zaidi. Tairi likiongezewa uzito mara mbili, mshiko wake hauongezeki mara mbili. Unaongezeka kwa pungufu kidogo. Kwa hiyo matairi manne yanayogawana mzigo kwa usawa hushika kuliko mawili yaliyolemewa na mawili yanayoelea. Ukiuweka uzito kushoto wakati gari limesimama, likiwa konani mzigo unakaribia kulingana.

Kisha kuna ukubwa wa matairi ya nyuma. Chukua kikombe cha karatasi, kilaze mezani, kisukume. Hakiendi mbele, kinazunguka kuelekea upande wa kitako kilicho chembamba. Wajenzi wa magari ya duaradufu huweka tairi la nyuma kulia likiwa kubwa kidogo kuliko la kushoto, na ekseli nzima inataka kukata kushoto yenyewe, kama kikombe kile. Jambo hili hufanya kazi zaidi difu ikiwa ngumu. Difu ikiwa huru kabisa kila tairi linakwenda kivyake na faida inapungua. Gari la boksini la matuta halina lolote kati ya haya. Kushoto kwake na kulia kwake ni sawasawa, kama gari linavyotakiwa kuwa barabarani.

Kwa mwanao, fanyeni hivi. Wekeni vipande vidogo vya bomba la plastiki ndani ya shokapu, kwenye ule mti wa pistoni, ili zisitanuke sana na gari likae chini. Wekeni springi ngumu zaidi, hasa upande wa kulia. Jaribuni matairi yenye mshiko mdogo mbele. Najua inasikika kinyume, lakini gari linaloteleza kidogo halipinduki. Kama kanuni za uwanja zinaruhusu, bandikeni vipande vya madini ya risasi, viwe uzito, upande wa kushoto wa chasisi. Naye ajifunze kuachia gesi kabla ya kona, si ndani ya kona. Akiingia pole atatoka akiwa na kasi, na kwenye duaradufu atakayetoka vizuri kwenye kona ndiye anayeumeza ule mstari ulionyooka.

Turudi kwenye kura. Mna njia kadhaa, na hakuna isiyo na dosari.

Slash lina sifa moja isiyopingika: lipo kila mahali. Spea zake duka lolote linazo, mtoto akitoka uwanjani analichezea kwenye maegesho ya kanisa, na linavumilia vipigo. Dosari yake umeshaisoma hapo juu. Mkilichagua, ruhusuni marekebisho machache ya kulishusha, yaandikeni moja moja, na mengine yote yafungwe. Bila hivyo itakuwa siku nzima ya kupindua na kurudisha.

Kuna magari ya boksini yaliyobuniwa kwa duaradufu ya udongo tangu mwanzo. Team Associated walitoa SR10, lenye bodi kama ya magari ya viwanja vya udongo, na Losi wakatoa 22S Sprint, lenye bawa juu ya kichwa cha dereva. Hili la pili lina nguvu mahali mlipo. Knoxville Raceway iko mwendo wa chini ya saa moja kutoka kwenu, na mashindano yake makubwa ya magari ya bawa yamekuwepo tangu 1961. Mtoto aliyetoka Knoxville usiku wa Agosti, nywele zimejaa vumbi la udongo, akiliona gari lile lile kwa udogo wake mezani, huhitaji kumhubiria. Dosari ni kwamba mengi ya magari haya huja na kupotea: mwaka huu yapo, mwakani kampuni inasitisha. Muulizeni mwenye duka anaweza kupata magari mangapi leo, na mikono ya mbele mingapi, na atajitolea kwa maandishi kuziweka ukutani kwa misimu miwili. Yeye anafanya biashara, na si dhambi. Ila ushauri wake ulete na ahadi yake.

Njia ambayo kamati nyingi huidharau ni magari madogo ya kipimo cha 1 kwa 18, yaani urefu wake ni sehemu moja ya 18 ya gari halisi. Kampuni ya 1RC Racing inauza ya kwake yakiwa tayari, ya udongo na ya bawa. Gari dogo lina kasi ndogo, likigonga halivunjiki sana, na duaradufu lake linaenea kwenye ukumbi wa kanisa au wa shule ukitandika zulia. Iowa ina baridi. Miezi ambayo uwanja wenu wa udongo umelala, hapo ndipo mnapopoteza watu bila kuwaona wakiondoka. Kama ningekuwa kwenye kamati yako, ningetaka madogo kwa majira ya baridi hata kama kura ya mwezi ujao itaangukia gari jingine.

Chaguo langu kwa uwanja wenu wa udongo ni gari la boksini la duaradufu kama spea zake zinapatikana kwa uhakika, na Slash lililoshushwa kama hazipatikani. Kipimo changu ni ukuta wa duka. Gari zuri lisilo na spea linaisha Jumamosi ya tatu.

Lakini lipo jambo zito kuliko aina ya gari. Watu 13, madaraja sita! Hapo kila daraja lina wawili, na viwanja vingi havitambui daraja lenye magari chini ya matatu. Mkiongeza la saba mtakuwa mmewagawa zaidi. Usipeleke pendekezo la kufungua daraja bila pendekezo la kufunga mengine. Yabaki matatu: moja la wakongwe wenye magari ya kujenga, moja la kati, na hili la boksini. Najua kufunga daraja ni kumwambia mtu kwamba gari lake la dola 1,000 halina pa kukimbia. Ongea naye kabla ya mkutano, uso kwa uso, umwonyeshe pa kulipeleka. Faida nyingine ni muda. Madaraja sita yenye michujo mitatu mitatu huimaliza siku saa nne usiku; mzazi mwenye mtoto wa shule anataka aondoke saa kumi na moja jioni. Wageni wakimbie mwanzo, fainali yao iishe mapema, waende nyumbani wakiwa bado wana hamu.

Kanuni zenyewe ziandikeni ukurasa mmoja. Mota na kidhibiti mwendo vilivyokuja boksini. Idadi moja ya meno ya gia ya mota, ambayo mkaguzi anaweza kuyahesabu kwa kidole. Aina moja ya matairi. Aina moja ya betri. Haki ya kudai mota kwa bei ya dukani. Aliyewahi kushinda fainali kuu ya daraja jingine anaweza kuja kufurahi, lakini hachukui pointi. Na kanuni zisiguswe kwa misimu miwili, hata kama wote mtakubaliana kuzibadilisha. Mtu aliyenunua gari mwezi Machi anapaswa kujua gari lile litafaa Machi ya mwaka ujao.

Usawa kamili hamtaupata, na usiwaahidi watu. Mota mbili za boksini moja hazilingani kabisa. Atatokea mwenye pesa atakayenunua nne na kuchagua moja. Kanuni ya kudai inamtuliza, haimwondoi. Na wapo watakaokaa kwenye daraja la boksini miaka mitano bila kutaka kujenga chochote. Waacheni. Wanalipa ada, wanasimama konani, wanaleta wajomba zao. Mwisho wa msimu wa kwanza usihesabu waliokuja. Hesabu waliorudi mara ya tatu, na mkutano ujao useme kwa idadi hiyo.

Jambo la betri silifanyii mzaha. Slash la brashi kwa kawaida huja na betri ya nikeli, ambayo ni mpole. Baada ya wiki chache mtu atamwambia mwanao aweke betri ya lithiamu, inayoitwa lipo, ili apate kasi. Hapo kidhibiti mwendo lazima kiwekwe kwenye hali ya lipo, kinachokata umeme betri ikishuka. Kisipowekwa, seli zinashuka chini ya volti 3 na kuharibika. Lipo ya seli mbili imejaa ikifika volti 8.4. Ya saa-ampea 5 ichajiwe kwa ampea 5, kwa chaja inayosawazisha seli, juu ya sakafu ya saruji au ndani ya mfuko usioshika moto, na mtu mzima awe karibu. Ikikaa wiki bila kutumika iachwe kwenye volti 3.8 hivi kwa kila seli. Miaka iliyopita niliacha moja ikichaji juu ya meza ya jikoni nikaenda kupokea simu. Niliporudi ilikuwa imevimba kama mkate. Niliiwahi. Ikivimba, au ikichubuka, usiitoboe wala usiichaji tena. Iweke nje mbali na nyumba na uipeleke mahali wanapopokea betri hizi. Mkiwa na shaka yoyote, ipeleke dukani aitazame mtu kwa macho yake. Usiulize kwa picha.

Na kuna mawili ambayo mimi siwezi kuwasaidia kutoka huku. Moja ni bima. Mkitangaza siku ya wageni, watoto wa watu watakuwa wamesimama karibu na magari yanayokwenda maili 30 kwa saa. ROAR, chama kinachosimamia mbio hizi Marekani tangu 1967, huwa na mpango wa bima kwa klabu wanachama. Zungumzeni nao, na pia na wakala wa bima wa hapo kwenu pamoja na mwenye kiwanja, kabla ya tangazo. Pili, kabla ya kura, nendeni watu watatu, mmoja wao awe mkongwe anayepinga, mkatembelee uwanja ambao tayari una daraja la boksini. Kaeni siku nzima. Ongeeni na wazazi, si na viongozi.

Huyo mkongwe anayepinga, mpe kazi. Klabu inunue magari manne ya boksini yawe ya kuazima. Zamani hili lingekuwa gumu, maana kila rimoti ilikuwa na kristali ya masafa yake na wawili wakigongana magari yalikimbia hovyo. Sasa kwa masafa ya 2.4 GHz kila rimoti inamtambua mwenzake, na yote manne yanawashwa kwa pamoja. Wakongwe wako wawili, kila mmoja apewe magari mawili ayatunze: akaze skrubu, apange gia, asimame pembeni ya mtoto anayeyaendesha. Mtoto atavunja mkono wa mbele kabla ya saa sita mchana, na mzee atamwonyesha namna ya kuufungua. Waombe wakubali Jumamosi nne tu kabla ya kuamua kuondoka, na mwanao awe wa kwanza kuwapelekea Slash lake, na bisibisi mkononi.